JE, MWAKA 1331 UNGEITWA NANI? TULIYOJIFUNZA KUHUSU MAJINA MADRASA YETU NAKIVALE



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wazazi na walezi, tunapenda kuwasimulia jambo lililotushughulisha sisi walimu wa madrasa hapa makazi ya Nakivale kwa muda wa miezi miwili. Ukilisikia ni jambo dogo: kuchagua majina ya watoto katika maigizo. Lakini lilitufikisha mbali, na limetuacha na funzo ambalo tumeona si vizuri kukaa nalo peke yetu.

Kila mwaka tunapofunga madrasa, watoto husoma Qur'an mbele ya wazazi, husoma kasida, kisha huonyesha mchezo mfupi wa historia. Mitume na Masahaba hatuwaigizi, kwa sababu wanavyuoni wamelikataza hilo. Kwa hiyo mwaka huu tukachagua safari ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 731 Hijria, yaani 1331 Miladia. Tulitaka watoto 24 wawe watu wa Kilwa: wafanyabiashara, mabaharia, wanafunzi wa dini, na akina mama wa mjini. Tukawaambia: "Kila mmoja wenu aje na jina la zama zile. Jina la kweli, si la kubuni."

Hatukujua kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza.

KWA NINI JINA LA KWELI?

Wako waliotuuliza: "Ustadh, huu ni mchezo tu, jina lina umuhimu gani?" Tuliwajibu kwamba hata wasio Waislamu wanalichukulia jambo hili kwa uzito. Huko Berkeley, Kalifonia, Marekani, kilianza mwaka 1966 chama cha watu wanaohuisha maisha ya kale kwa mavazi, chakula na sherehe. Kila mwanachama hujichagulia mtu wa kuiga ambaye angeweza kuishi kabla ya mwaka 1600, na anayetaka kuliandikisha jina lake ni lazima lipite kwa wakaguzi wanaotazama kama kweli lilitumika. Ikiwa wao wanafanya hivyo kwa ajili ya burudani, sisi tunaosomesha watoto historia ya Uislamu tunastahiki zaidi kuwa waangalifu.

Tukaweka masharti matatu. Jina liwe la zama zile. Liwe la mahali pale au mahali palipokuwa na mawasiliano na pale. Na liwe limeundwa kama watu wa wakati ule walivyounda majina yao. Sharti hili la tatu ndilo lililotupa kazi.

JINA LA ZAMANI LILIVYOUNDWA

Watoto wetu wamezoea fomu: jina la kwanza, jina la pili, basi. Mwislamu msomi wa karne ya 14 alikuwa na jina refu lenye sehemu zake, na kila sehemu ilikuwa na kazi. Tukamchukua Ibn Battuta mwenyewe kuwa mfano. Yeye ni Shamsuddin Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah al-Lawati al-Tanji. Tukaligawa ubaoni:

1. Ism, yaani jina alilopewa alipozaliwa: Muhammad.

2. Nasab, yaani nasaba, inayounganishwa kwa "bin" au "binti": bin Abdallah.

3. Kunya, yaani kuitwa kwa mtoto: Abu Abdallah, baba yake Abdallah.

4. Laqab, yaani jina la sifa au la heshima: Shamsuddin, jua la dini.

5. Nisba, yaani kabila au mahali mtu anakotoka: al-Lawati, wa kabila la Lawata, al-Tanji, mtu wa Tangier, mji wa Morocco alikozaliwa mwaka 1304.

Na "Ibn Battuta" ni jina la umaarufu tu, ndilo lililobaki midomoni mwa watu.

Watoto waliguna. Lakini tukawaonyesha kwamba wao wenyewe wanaishi na mambo haya kila siku. Nani hapa anamwita jirani kwa jina lake? Tunasema Mama Amina, Baba Yusufu. Hiyo ndiyo kunya. Foleni ya maji tunasema "yule mzee wa Uvira", "yule kijana wa Bujumbura". Hiyo ndiyo nisba. Na jina la utani tulilompa fundi baiskeli wetu ni laqab, ingawa si la heshima sana. Wakacheka, na tangu hapo somo likawa jepesi.

MAKOSA TULIYOYASAHIHISHA

Siku ya pili majina yakaja. Tunataja machache ili wazazi wafaidike.

Wavulana watatu waligombania Salahuddin. Tukawaeleza kwamba Salahuddin ni laqab, maana yake wema wa dini. Shujaa aliyeikomboa Baytul Maqdis mwaka 1187 jina lake hasa lilikuwa Yusuf bin Ayyub. Siku hizi tunampa mtoto Salahuddin au Nuruddin likawa ndilo jina lake la kwanza, wala si vibaya. Lakini zama zile mwana wa mfanyabiashara angeitwa kwanza Yusuf, Ali au Umar, na laqab ingemfuata akishapata cheo au elimu. Wote watatu walihamia kwenye Yusuf, wakaanza kugombania hilo!

Mwingine alitaka Ertugrul, kutokana na filamu za Kituruki. Jina hilo ni la kweli, la mzazi wa Osman aliyeanzisha dola ya Uthmaniya. Kwa zama, si mbali sana. Kwa mahali, ni Anatolia, si Kilwa. Limefaulu sharti moja na kuanguka la pili.

Kijana wa wenyeji wetu wa Isingiro alitaka Ntare. Hapa Mbarara nani asiyelijua jina hili? Ni la wafalme wa Ankole, na shule ya Ntare iliyofunguliwa mwaka 1956 imelipeleka kila kona ya Uganda. Tulimwambia kwamba jina lake ni la heshima na ni la kwao. Ila mchezo wetu ni wa Waislamu wa pwani wa mwaka 1331, na Uislamu uliingia Buganda karne tano baadaye, zama za Kabaka Suuna wa Pili, kwa wafanyabiashara waliotoka pwani. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alifika barazani kwa Kabaka mwaka 1844. Tumemuahidi kwamba siku tukiigiza habari hiyo atakuwa na jina la nchi hii bila ya kubadilisha herufi.

MAJINA TULIYOYAPATA

Basi tulitafuta wapi? Kwanza katika vitu vilivyoandikwa zama zenyewe. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, na humo aliyeamuru ujenzi anatajwa kwa kunya yake, Abu Imran, na nasaba yake inafika kwa Muhammad. Sarafu za shaba za Kilwa nazo zina majina ya masultani: Ali bin al-Hasan, al-Hasan bin Sulaiman, Sulaiman bin al-Hasan. Tazameni majina yanavyozunguka ndani ya ukoo, babu akirudi kwa mjukuu, kama tunavyofanya mpaka leo.

Pili, katika kitabu cha safari cha Ibn Battuta. Sultani aliyemkuta Kilwa ni al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa jina la Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Mogadishu alimkuta mtawala Abu Bakr bin Umar. Huko India, pwani ya Malabar, alikutana na mwanachuoni wa Mogadishu aitwaye Said, aliyesoma Makka na Madina miaka mingi kisha akasafiri mpaka China. Na visiwa vya Maldivi alimkuta gavana aliyeitwa Abdul Aziz al-Maqdashawi, yaani mtu wa Mogadishu. Watoto wetu wa Kisomali waliposikia hayo walikaa wima!

Tatu, katika vitabu vya wanavyuoni. Abdallah bin Yusuf al-Zaylai, aliyefariki mwaka 762 Hijria, ni bingwa wa Hadithi ambaye nisba yake inatoka Zayla, bandari ya pwani ya Somalia. Alisoma na kuandika Misri, lakini jina lilibeba kwao.

Kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu waandishi wa zama zile waliandika sana majina ya wanaume. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi, malkia wa mji wa kale, na msichana mmoja alilichukua mara moja. Wengine tuliwapeleka Damascus, ambako Ibn Battuta anasema alipewa ijaza mwaka 1326 na wanazuoni wanawake wawili: Zainab binti ya Kamaluddin Ahmad na Aisha binti Muhammad. Bibi Zainab alifundisha Hadithi mpaka uzeeni. Pia yupo Khadija, binti wa Sultani Jalaluddin Umar, aliyetawala Maldivi karne hiyo hiyo. Zainab, Aisha, Khadija: majina matatu ambayo ukisimama mlangoni kwa madrasa yetu ukayaita, watakuja mbio wasichana kumi.

Hapo ndipo watoto walipogundua jambo lililowafurahisha. Wengi wao hawakuhitaji kubadilisha majina yao ya kwanza. Yalikuwepo Kilwa mwaka 1331 kama yalivyopo Nakivale leo. Kilichokosekana ni sehemu zilizobaki, na hasa nasaba. Kwa hiyo tukapanga kila mtoto asimame aseme: mimi ni fulani bin fulani bin fulani.

"FULANI BIN NANI?"

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii.

Binti mmoja wa Kisomali alisimama akataja mababu 12 bila ya kuvuta pumzi, kwani kwao mtoto hufundishwa abtirsi, hesabu ya ukoo, tangu angali mdogo. Watoto wa Rwanda na Burundi walikuwa na shida nyingine. Kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, halirithiwi kutoka kwa baba, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuonekana katika karatasi kama watu wasiojuana. Wao walipata furaha kuona kwamba "bin" inaweza kuwaunganisha.

Ikafika zamu ya mvulana mmoja. Tulimuuliza kama tulivyowauliza wenzake: "Wewe ni bin nani?" Akanyamaza. Mwenzake akacheka. Tukakumbuka, tukiwa tumeshachelewa, kwamba mtoto huyu aliletwa hapa akiwa mdogo sana na watu waliokuwa wakikimbia, na mama mmoja mjane amemlea. Jina la baba yake halijulikani kwa yeyote.

Kosa lilikuwa letu. Mwalimu anatakiwa ajue hali ya mtoto kabla ya kumsimamisha mbele ya wenzake.

Siku iliyofuata alikuja mwenyewe akasema: "Ustadh, mimi nataka kuwa yule fakiri." Katika habari za Kilwa kuna fakiri kutoka Yemen aliyemwendea Sultani al-Hasan baada ya swala ya Ijumaa, akamuomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Tukamuuliza kwa nini anamtaka huyo. Akajibu: "Kwa sababu yeye kitabuni hana jina."

Wallahi neno lile lilituumiza. Tukamwambia: "Fakiri yule alikuwa na jina, mwandishi hakuliandika tu." Lakini tuliona hilo halitoshi, na mtoto hakulazimika kujificha nyuma ya mtu asiyetajwa.

Tuliwaza tumpe nasaba ya jirani mwema, au ya marehemu mume wa mama mlezi. Lakini Surat al-Ahzab, aya ya 5, inatuamrisha kuwaita watoto kwa baba zao, na ikiwa baba hawajulikani basi hao ni ndugu zetu katika dini. Ndiyo sababu Zaid, aliyekuwa akiitwa kwa jina la Mtume (S.A.W.) aliyemlea, alirudi kuitwa Zaid bin Haritha. Kumzulia mtoto ukoo, hata kwa nia njema, ni mlango wa hatari. Tulipokwenda Mbarara kununua vitambaa vya kanzu tulimpitia sheikh mmoja aliyetuzidi katika fiqhi, tukamweleza. Akatuuliza: "Mmesahau Yaqut?"

YAQUT BIN ABDALLAH

Tulikuwa tumemsahau. Yaqut al-Hamawi alizaliwa katika nchi ya Warumi karibu na mwaka 1179. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Baghdad kwa mfanyabiashara mwenye asili ya Hama, nchi ya Sham. Jina Yaqut, la kito cha thamani, ni la aina waliyopewa watumwa. Bwana wake alimsomesha ili amshikie hesabu, baadaye akamwacha huru. Akaishi kwa kunakili na kuuza vitabu, akasafiri, akakaa Marw katika maktaba zake kubwa. Mara Wamongoli wakaja. Yaqut akakimbia, akafika Mosul hana kitu. Naam, ndugu zangu, alikuwa mkimbizi kama sisi.

Mtu huyu ndiye aliyeandika Mujam al-Buldan, kamusi kubwa ya miji na nchi. Humo aliitaja Mogadishu, na aliitaja Unguja pia, zaidi ya miaka 100 kabla ya Ibn Battuta kupita pwani yetu. Alifariki Halab mwaka 626 Hijria, yaani 1229.

Na jina lake kamili ni Yaqut bin Abdallah al-Rumi al-Hamawi. "Bin Abdallah" ndivyo walivyoandikwa wengi ambao baba zao hawakujulikana au hawakuwa Waislamu. Si uongo, kwani kila baba duniani ni mja wa Allah, apende asipende. Na ana nisba mbili: al-Rumi kwa alikozaliwa, al-Hamawi kwa waliomlea. Historia haikumdharau kwa kukosa babu wa kumtaja. Wanavyuoni wanamnukuu mpaka leo.

Tulimwomba ruhusa mama mlezi, naye akaridhia huku akifuta machozi. Kisha tukawasimulia watoto wote habari ya Yaqut, bila ya kumtazama mtu. Tulipomaliza, mvulana wetu aliinua mkono akauliza: "Ustadh, Yaqut aliyaandika hayo yote akiwa bin Abdallah?" Tukasema ndiyo. Akasema: "Basi na mimi."

Jina lake la kwanza hatukuligusa. Siku ya sherehe alivaa kanzu, akawa mwanafunzi wa dini wa mjini Kilwa, akasimama mbele ya wazazi akatamka jina lake, bin Abdallah al-Kilwi, kwa sauti iliyofika nje ya uzio. Fakiri wa Yemen aliigizwa na yule aliyecheka. Na wiki iliyofuata, tukisahihisha madaftari, tuliona mwanafunzi mmoja ameandika juu ya daftari lake nisba mbili. Ya kwanza ni nchi aliyotokea. Ya pili ni al-Nakivali. Mkaguzi wa majina ya kale angeikataa. Sisi tulipiga alama ya sahihi.

NASAHA KWA WAZAZI

Ndugu wazazi, tumetoka katika mchezo huu na mambo matatu ya kuwausia, nasi tunaanza na nafsi zetu.

1. Waandikieni watoto nasaba zao. Mwenye kujua babu watatu aandike watatu, mwenye saba aandike saba, upande wa baba na upande wa mama, pamoja na kijiji walikotoka. Wazee wanaojua wanaondoka, na safarini hakuna kinachopotea haraka kama jina la babu.

2. Hakikisheni jina limeandikwa kwa herufi zile zile katika kila karatasi. Hasani kwenye karatasi moja na Hassan kwenye nyingine limewatesa wengi, na ndugu wa damu wakaulizwa kama kweli ni ndugu.

3. Mtoto aliyekosa nasaba asiulizwe hadharani, wala asidanganywe. Ajulishwe taratibu, na aambiwe kwamba waliomtangulia katika hali yake wamo vitabuni kwa majina yao kamili.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu, awarehemu mababu tunaowajua na tusiowajua, na atuite kwa majina mazuri siku tutakayoitwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.